Kusoma Gari Kabla ya Kulifufua: Utangulizi

Watu huingia katika fani hii kwa njia mbalimbali: kuna waliorithi gari, kuna walionunua kwa bei ya vyuma chakavu, na kuna wasio na gari lolote ila hamu tu. Tuseme wewe ni wa kundi la kwanza. Nyuma ya nyumba ya mjomba wako pale Marabo, kwenye barabara itokayo Bunia kwenda Komanda, kuna gari la Peugeot 504, lile refu la stesheni lenye viti vya safu tatu, limekaa juu ya matofali. Nyasi zimefika kwenye vitasa, kuku wanatagia kwenye buti, na familia imekwisha kukupa ruhusa ulifanye utakavyo. Msasa umeshanunua. Ombi langu la kwanza ni kwamba huo msasa uuweke kando.

Kufufua magari ya zamani ni kazi ya mikono, lakini pia ni elimu yenye historia, kanuni na mabishano yake. Inakopa kwa mhandisi, kwa mwanahistoria na kwa mtunza makumbusho, na mara nyingi hailipi deni. Swali linalowagawa watu wake husikika jepesi mpaka ujaribu kulijibu: gari hili unalirudisha wapi? Kwenye hali liliyotokea nayo kiwandani? Kwenye hali aliyolinunua nayo mjomba? Au kwenye hali liliyokuwa nayo wiki ile ya mwisho, lilipokuwa bado likibeba abiria saba, magunia ya mihogo juu na mbuzi nyuma?

Ulaya jibu lilishapatikana, angalau kwenye karatasi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linalitambua gari kuwa la kihistoria likitimiza angalau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na likiwa si chombo cha usafiri wa kila siku. Sharti hili la mwisho ndilo linalotukwaza. Hapa Ituri, mashariki mwa Kongo, gari linafika umri huo kwa sababu lilitumika kila siku. Lile lililosimama mapema halikuwa na mtu wa kulinunulia spea, likachinjwa ili mengine yaishi. Kwa kipimo hicho, karibu kila gari lililostahili kukumbukwa hapa kwetu linakosa sifa kwa kosa la kufanya kazi.

Lakini FIVA hiyo hiyo ilipitisha mwaka 2012 Hati ya Turin, na hati hii ina busara kuliko wengi wanaoitaja kwenye maonyesho. Inashauri gari liguswe kidogo iwezekanavyo, kila hatua iandikwe, na kifaa kipya kitiwe alama ndogo isiyofutika ili atakayekuja baadaye ajue kipi ni cha lini. Ilifuata nyayo za Hati ya Venice ya mwaka 1964, inayohusu majengo ya kale, ambayo inataka michango halali ya vipindi vyote vya jengo iheshimiwe. Kanisa lililoongezewa mnara miaka mia tatu baada ya kujengwa halibomolewi mnara wake ili lionekane kama lilivyozaliwa. Basi kiraka cha bati alichokichomelea fundi wa Bunia kwenye sakafu ya 504 nacho ni kipindi cha gari hilo. Huo ndio msimamo wa utangulizi huu, na utaona kwamba una gharama zake.

Kwanza tuulize kwa nini stesheni. Saluni ilikuwa gari la bosi. Stesheni ilikuwa gari la hospitali, la misheni, la mfanyabiashara na la abiria wa njiani. Peugeot walitoa 404 mwaka 1960, bodi ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia, kisha 504 mwaka 1968, nayo mwaka uliofuata ikatawazwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Toleo la stesheni la 504 halikuwa saluni iliyoongezewa buti tu. Umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 2.90, saluni ina mita 2.74. Saluni nyingi zilikuwa na sasipensheni huru nyuma, kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake; stesheni ilipewa ekseli ngumu ya moja kwa moja na springi nne za kuviringa, mbili kila upande. Mhandisi aliyeamua hivyo alikuwa akifikiria mizigo. Pengine hakufikiria magunia ya Komanda, ila alifikiria mizigo.

Afrika Mashariki iliyajua magari haya pia kwa mbio. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa ikimaliza magari kama moto wa nyikani. Mwaka 1963 yaliondoka 84, yakarudi saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff katika 404. Katikati, mwaka 1966 na 1967, walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, nao kwa 404. Jina la Peugeot likapata heshima ambayo tangazo lolote lisingeinunua. Magari ya 504 yakaja kuunganishwa Mombasa, na Kaduna kule Nijeria, na yakawa teksi za kuchangia kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu, ambapo abiria alikuwa akisema tu nitapanda Peugeot, ikaeleweka ni kasi gani na ni bei gani. Ufaransa iliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983. Kenya iliendelea kuunganisha gari hili hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa rudi uani kwa mjomba, bila msasa, ukiwa na daftari, tochi na kipande cha sumaku. Tunalisoma gari.

Anza na usukani. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, Uganda na Kenya upande wa kushoto. Ukikuta usukani uko kulia, kuna uwezekano mkubwa kwamba gari hili lilishuka Mombasa, likapanda hadi Kampala, likaingia kwa Mahagi, Aru au Kasindi. Ukiuona uko kushoto, tafuta habari za Kinshasa, za misheni, za mtu aliyerudi nalo kutoka Ulaya. Tazama pia kama dashibodi ina matundu yasiyo na kazi na kama ukuta wa injini umezibwa kwa bati upande mmoja: usukani huhamishwa, na aliyeuhamisha huacha alama.

Fungua boneti. Tazama feni. Peugeot waliweka kwenye 404 na 504 feni yenye klachi ya sumaku-umeme: injini ikiwa baridi feni inaachia, ikipata joto sumaku inaishika. Ni ubunifu wa kuokoa petroli na nguvu, na ulifaa sana Ufaransa. Magari mengi ya huku utakuta feni imefungwa moja kwa moja, inazunguka daima, waya wa sumaku umekatwa na kukunjwa vizuri pembeni. Mgeni huandika hapo kuwa feni ni mbovu. Aliyeifunga alikuwa na hesabu yake: waya ukikatika mlimani saa nane mchana, gari limejaa, hasara ni silinda hedi ya aluminiamu iliyopinda; feni ikizunguka bure, hasara ni petroli kidogo. Akachagua. Ukilirejeshea sumaku yake unafuta uamuzi wa mtu aliyeijua barabara hii kuliko ofisi ya michoro kule Sochaux.

Shuka kwenye kabureta. Bunia iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,270, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani. Kabureta iliyopangwa kwa Mombasa itamwaga petroli nyingi mno huku juu. Buji zinakuwa nyeusi na moshi unatoka mzito. Fungua jeti, usome nambari yake, kisha ilinganishe na ya kitabu. Ikiwa ndogo kuliko ya kitabu, mtu aliibadilisha kwa makusudi. Ikiwa tundu lake limezibwa kwa risasi na kutobolewa upya kwa uzi wa chuma, umekutana na fundi mwenye mkono mwepesi sana, na hiyo jeti usiitupe hata ukipata mpya.

Halafu kuna injini yenyewe. Ile ya petroli ya 1,971 sentimita za ujazo ina bloku ya chuma cha kusubu, na ndani yake silinda hazikuchimbwa kwenye bloku: kila pistoni inakwenda ndani ya shemise yake, bomba nene linalochomolewa, maji ya rejeta yakizunguka nje yake. Hili nataka ulikalie kidogo, kwa sababu ndilo lililoamua uhai wa magari haya kuliko sifa zote za Safari Rally. Injini nyingi nyingine silinda zikilika, bloku lazima ipelekwe kwenye mashine ya kuchonga, na mashine hiyo inataka umeme wa uhakika na fundi wa karakana kubwa. Injini ya 504 unanunua boksi lenye pistoni, ringi na shemise, unachomoa za zamani, unaingiza mpya, chini ya mwembe, kwa zana zinazoingia kwenye gunia. Kazi ngumu iliyobaki ni moja: kila shemise inakaa juu ya kiringi chembamba cha kuzuia maji, na ukingo wake wa juu lazima uinuke kidogo tu juu ya uso wa bloku, sawa na wenzake, ili silinda hedi izibane zote kwa nguvu moja. Viringi hivyo viko vya unene tofauti. Fundi mzuri anapitisha ukucha kutoka shemise hadi shemise na kukuambia ipi imezama; kipimo cha chuma kikija, mara nyingi kinathibitisha tu.

Bodi inataka subira zaidi. Ukiwa na hakika ya mahali pasipoonekana, kama ukingo wa ndani wa mlango wa nyuma, ndipo nakuruhusu msasa, na uwe laini, na usugue eneo la sarafu moja. Rangi zitajitokeza kwa miviringo kama pete za mti uliokatwa: ya juu, ya chini yake, labda ya tatu, hadi rangi ya kiwandani na chuma. Nyeupe chini ya buluu huenda ni gari lililokuwa la shirika au hospitali kabla ya kuwa teksi. Pitisha sumaku pembeni. Inapokataa kushika, chini yake kuna pati badala ya bati. Kagua sakafu ya nyuma, kingo za chini za milango, na mahali shokapu za mbele zinapoegemea juu, karibu na boneti, maana hapo 504 huoza kwa siri. Ukikuta hapo kipande cha bati nene kimechomelewa kwa umeme, mishono yake minene na haina urembo, usicheke. Huenda bila hicho gurudumu lingekuwa limepita kwenye boneti zamani.

Mambo haya yana wasomi wake, na utafurahi kukutana nao. Kenneth King aliandika mwaka 1977 juu ya mafundi wa Kiafrika, kisha akarudi miaka ya tisini kuwatazama tena mafundi wa jua kali wa Kenya. David Edgerton, mwanahistoria wa teknolojia, alitoa mwaka 2006 kitabu kinachodai kwamba historia ya vyombo imeandikwa kwa kuwatazama wavumbuzi tu, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya chombo ni kutumika na kutengenezwa. Mfano wake mmoja ni mtaa wa gereji wa Suame kule Kumasi, Ghana. Kenda Mutongi alituandikia historia ya matatu za Nairobi mwaka 2017. Na Joshua Grace, mwaka 2021, alitoa kitabu juu ya magari ya Tanzania ambamo makanika wa gereji za uani wanasomwa kama watu waliounda teknolojia yao wenyewe, si kama wanaobahatisha kwa vifaa vya wengine. Nikilazimishwa kukupa kimoja tu, nitakupa hicho. Lakini gereji za Bunia, Komanda na Mambasa bado zinamngoja mwandishi wake, na sioni kwa nini asiwe wewe.

Ukiandika, utalazimika kueleza spea zilitoka wapi, na hapo historia ya nchi inaingia gereji. Rais Mobutu alitangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Maduka yalibadilisha wenyewe, mitandao ya kuagiza bidhaa ikalegea, na wananchi wakawa wanataniana kuhusu Kifungu cha 15 cha katiba, kisichokuwepo, kinachosema kila mtu ajitafutie. Mwaka 1991 Janet MacGaffey na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa uchumi huo usioandikwa kwenye daftari la serikali. Kwa upande wa mashariki, kujitafutia kulimaanisha Uganda. Hata katika miaka ya karibuni boksi la shemise lingeweza kutoka soko la Kisekka, Kampala, likavuka mpaka juu ya lori la sabuni. Kwa hiyo tazama vifaa vyenyewe: nembo, lugha iliyochapwa, bei iliyoandikwa kwa kalamu kwenye boksi. Ni nyaraka hizo.

Nyaraka za karatasi ni habari nyingine. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2003 Ituri iliwaka. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde, jirani ya Marabo, ilishambuliwa, watu wengi wakauawa na hospitali yake kubwa ikaporwa. Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Magari yalibadilisha mikono katika miaka hiyo ya vita kwa njia ambazo wenye magari hawakuzichagua. Basi kabla ya kugusa bolti, tafuta kati roze, yaani kadi ya usajili wa gari, linganisha nambari yake na ile iliyogongwa kwenye chuma, na uwaulize wazee wa mtaa gari lilifikaje. Ukisikia kimya cha namna fulani, acha. Kuna magari ambayo hayafai kufufuliwa mpaka mwenyewe apatikane.

Nimewahi kuulizwa, na swali ni la haki, kama si anasa kusugua gari bovu katika mahali palipopitia hayo. Sina hoja ndefu. Mtu aliyejenga upya nyumba yake hupanda pia maua mlangoni, na hakuna anayemuuliza. Ninachokataa ni anasa inayomnyang'anya mwenzako ugali. Usinunue 504 ya mwisho inayofanya teksi ili uichinje upate taa zake za asili. Na usimpandishie fundi bei kwa fedha za burudani, ukamfanya aache gari la mtu wa sokoni likisubiri wiki nzima. Nenda gereji kama mwanafunzi: msalimie, mwite Papa, uliza habari za nyumbani kabla ya habari za klachi, kisha mlipe kwa saa alizokusimulia kama unavyomlipa kwa saa alizofungua bolti.

Yamebaki mabishano, na sitayamaliza hapa. Wenzangu wa Nairobi, ambako mashindano ya urembo wa magari yamefanyika tangu mwaka 1970, wanataka kila skrubu iwe ya kiwandani, na ninapenda kuyatazama magari yao. Yamefanyiwa kazi safi. Kikwazo kikubwa kati yetu ni injini ya kigeni. Tuseme umefungua boneti ya mjomba ukakuta dizeli ya Toyota. Katika 504 hilo si jambo la kubadilisha injini tu. Shafti yake haiko wazi: imo ndani ya bomba gumu linalounganisha giaboksi na difu, kwa hiyo aliyeweka giaboksi ya Toyota alilazimika ama kutengeneza kiungo kipya ama kung'oa ekseli yote ya nyuma na kupanga springi upya. Lala chini ya gari utazame alivyofanya. Pima mashikizo ya injini aliyoyakata kwa mkono, chora kiungo chake, mpige picha akikubali, umuulize alianzia wapi.

Kwa kanuni za mashindano injini hiyo ing'olewe na itafutwe ya Peugeot. Mimi ningeiacha, ikiwa iliingizwa gari likiwa bado kazini na ndiyo iliyolifikisha Marabo. Ningebadilisha tu mipira yote ya breki kabla ya mtu yeyote kuigeuza swichi, na mipira ya zamani ningeiweka kwenye mfuko wenye tarehe.